Udongo Ulioacha Kula

Haya alinisimulia Mbonea wa Lugongo, mwaka ule mabomba ya bondeni yalipokauka na sisi tukawa tunapanda mlima kufuata maji. Alikuja kwangu mchana akakuta nachambua maharage, akaketi kunisaidia, na katikati ya kuchambua akaanza tu kusema, kama mtu anayetoa kitu kilichomkaa tumboni muda mrefu. Naye yumo humu ndani, mtamwona. Yale ambayo hakuyaona kwa macho yake aliambiwa na Niendiwe mwenyewe, mtoto wa marehemu dada yake. Mimi nayaweka kama nilivyoyapokea.

Niendiwe alikuwa binti wa Mhande, huko Upare ya juu, na ndiye wa kwanza kijijini kwao kupata kazi ya utando. Wakati ule kijana akitaka kazi, kazi zilikuwa za kijani, za kupunguza joto la dunia, nyingine hakuna. Kaka zake walikwenda tambarare kufuta vumbi kwenye paneli za jua, wakawa wanarudi sikukuu na macho mekundu kama wameota moto wa kuni mbichi. Yeye alifundishwa na Mradi ulioleta huo utando, ukampa viatu virefu, koti, na ile fimbo ya chuma ambayo ukiichomeka ardhini inawaka taa kukwambia udongo umeshika hewa ukaa kiasi gani.

Kazi yenyewe ukiitazama ni ndogo. Unafukua kidogo, unanyunyiza unga mweupe, unaudondoshea maji ya kuamshia, unafunika. Ule unga umelala, maji ndiyo yanauamsha. Ukishaamka unatoa nyuzi, nyuzi zinatambaa chini kwa chini, zinashikana kuwa utando, na kila kilicho ndani ya udongo kinafungwa humo kisirudi hewani kuongeza joto. Na joto, msiulize. Miaka ile kuku walikuwa wanaanguka uani mchana kweupe.

Mhande yote ilipandwa kwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Kule kwao baragumu la msaragambo likilia hakuna anayeuliza ni kazi gani. Unashika jembe unatoka, utaambiwa hukohuko. Ndivyo walivyochimba mifereji, ndivyo walivyojenga shule, na ndivyo walivyopanda utando, wakiimba, mashamba, migomba, mpaka kwenye makaburi, maana Niendiwe alisema pasibaki pengo. Mradi ukaleta barabara, ukaweka umeme, ukaajiri vijana wa kutembea na fimbo. Mama zao wakawa wanamwita Niendiwe "mwalimu."

Nzi wakapungua, watu wakafurahi. Majani ya migomba yaliyoangushwa chini yakakaa vilevile, msimu ukaisha, mwingine ukaja. Samadi ikawa ngumu kama mawe. "Shamba limekuwa safi kama sebule," wanawake walikuwa wakichekeana. Mahindi yalitoka mafupi kidogo, wakalaumu mvua.

*

Babu yake Niendiwe, mzee Kadeghe, alikuwa amezikwa kabla tu ya utando kupandwa. Ukoo wao walikuwa wanasali kanisani kama watu wengine wote, lakini kuna jambo hawakuliacha, na hawakulisema mbele ya wageni. Mtu mzima akishazikwa, wanangoja udongo umalize kazi yake. Halafu wanafukua, wanachukua kichwa, wanakiweka ndani ya chungu, wanakipeleka mpungi, yaani ule msitu mdogo wa ukoo penye majabali, akae na wenzake. Hapo ndipo msiba unakwisha. Kabla ya hapo mjane halali kitandani. Bibi Nambike, mkewe Kadeghe, alikuwa bado analala mkekani, nyuma ya mlango.

Walikwenda alfajiri, kumepambazuka kidogo. Aliyeongoza ni baba mkubwa Elinaja, mtoto wa kwanza wa marehemu, amebeba chungu kipya kifuani. Kazi ya kuchimba ni ya wajukuu wa kiume, lakini wa kiume walikuwa kwenye paneli, basi Niendiwe akashika jembe.

"Taratibu," Elinaja akamwambia. "Huyo si kiazi."

"Baba mkubwa, na wewe mzee wa kanisa?"

"Jumapili ndiyo mzee wa kanisa. Leo Alhamisi. Chimba."

Bibi Nambike akacheka. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, amejipaka mafuta, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni stendi.

Udongo ulikuwa mwepesi, umejaa nyuzi nyeupe zilizosukana kama pamba. Niendiwe alizizoea, akawa anazikata bila kuzifikiria. Kilichomshtua ni pua yake. Alichimba mpaka magotini, mpaka kiunoni, hakusikia harufu yoyote. Si ya udongo, si ya mizizi, si ya chochote. Ni kama kuchimba ndani ya kabati tupu.

Halafu jembe likagusa blanketi. Lilikuwa na mistari yake yote, myekundu na ya kijivu. Elinaja akashuka shimoni, akalifunua kwa mikono miwili.

Mzee Kadeghe alikuwa amelala. Kope zipo. Ndevu zipo, hata ule upande aliokuwa ameunyoa vibaya akiwa mgonjwa. Ngozi ilikuwa na unyevu kidogo, kama ya mtu aliyetoka kuoga. Kwenye matundu ya pua na katikati ya vidole palikuwa na nyuzi, laini, zimeshika kila kitu mahali pake.

Bibi Nambike akainama pembeni ya shimo, akanyoosha mkono, akamgusa shavu.

"Kadeghe," akaita, sauti ya chini. "Mbona hukuondoka?"

Elinaja akapanda juu, chungu bado kitupu. "Kichwa kinatolewa na udongo," akasema. "Kazi yangu ni kupokea. Siwezi kumkata baba yangu kama mbuzi wa Krismasi."

"Hakuna aliyekwambia umkate," Bibi Nambike akasema.

"Basi tunafukia. Na tunanyamaza. Serikali ikijua tunafukua watu tutafungwa, na mchungaji akijua ndio usiseme. Niendiwe, umesikia?"

Niendiwe hakuwa amesikia. Alikuwa anatazama migomba iliyoko chini ya makaburi, na majani yale yaliyolala pale tangu lini, hakuna hata moja lililogeuka kuwa udongo. Akili yake ikaanza kwenda, na kila ilikokwenda ikakuta mlango umefungwa. Jani lisipooza, mgomba unakula nini? Samadi isipooza, mahindi yanakula nini? Udongo wa Mhande ulikuwa umeacha kula. Na yeye ndiye aliyeufunga mdomo, kwa mikono yake, kwa furaha.

Na siku hiyohiyo, jua likishapanda, watu wa Lugongo walikuwa wanakuja kuchukua magunia ya unga. Lugongo ni bonde la upande wa pili wa mlima, kwao mama yake. Walikuwa wamekataa Mradi mara zote. Walikubali kwa sababu Niendiwe alikwenda akakaa nao, akala nao, akawaambia: niaminini mimi.

"Na mimi je?" Bibi Nambike akauliza, hamuulizi mtu. "Nitalala wapi?"

*

Ghala la Mradi lilikuwa karibu na barabara. Msimamizi alikuwa dada mmoja wa ukanda wa ziwa, Teopista, mpole, hapandishi sauti. Niendiwe alimkuta anakunywa uji, magunia yamepangwa nyuma yake mpaka darini.

Alimweleza yote. Hata la kaburi akalisema, akavunja neno la baba yake mkubwa kabla udongo haujakauka kwenye viatu vyake.

Teopista akaweka kikombe chini. "Pole sana kwa babu."

"Dada, mlijua?"

"Tulijua kuhusu majani. Watu hatukuwafikiria. Niendiwe, kuoza ni moshi usioonekana. Jani likioza, ile hewa iliyokuwa ndani yake inarudi juu. Mnyama akioza, vilevile. Milima yote, misitu yote, usiku na mchana inatoa moshi huo. Tumezuia viwanda, tumezuia magari, haikutosha. Sasa tumezuia na huo. Na fimbo yako mwenyewe inaonyesha, Mhande imeshika kuliko mahali popote."

"Na mahindi yatakula nini?"

"Mbolea italetwa kwa lori."

"Na lori lisipokuja?"

"Kwetu ziwa lilipanda likala kijiji. Tulihamisha makaburi kwa mitumbwi, mama yangu amepakata mifupa ya mama yake kama mtoto. Tulipofika kwenye mwinuko, joto likaua waliobaki. Wewe unaniuliza kuhusu mahindi mafupi. Mimi nakuuliza, ungependa kufa kwa kipi?"

"Zinaweza kuondolewa? Zile nyuzi?"

"Hapana."

"Hata kwa moto?"

"Zinarudi. Ndiyo maana ni nzuri." Akasema hivyo bila ubaya wowote, kama anamsifia mtoto. "Nenda ukanawe. Watu wa Lugongo watafika sasa hivi, na wewe ndiye unayejua kuamsha."

Hapo Niendiwe akaona njia moja tu. Watu wa Lugongo wasingemwelewa kwa maneno, maana maneno ndiyo yaleyale aliyowashawishi nayo. Lakini wakiona kwa macho? Wakimwona mzee Kadeghe mle shimoni, nani atabeba gunia?

*

Alikwenda nyumbani kwa Elinaja, akalitoa baragumu ukutani, akalipuliza. Hakuwahi kulipuliza, lilitoka vibaya, kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Lakini Mhande ni Mhande. Watu wakatoka na majembe, hakuna aliyeuliza. Wa Lugongo nao walikuwa wanashuka kutoka mlimani, wakaunga nyuma. Akawaongoza makaburini.

Bibi Nambike alikuwa bado ameketi pembeni ya shimo, Elinaja amesimama na jembe hajaweza kufukia hata kidogo. Alipouona umati alijishika kichwa. "Mtoto huyu ametuua!"

Bibi Nambike hakupiga kelele. Alimshika Niendiwe upindo wa koti. "Mjukuu wangu, usimwonyeshe. Hajavaa."

"Bibi, wataharibikiwa kama sisi."

"Ni mume wangu. Hajavaa."

Niendiwe akauvuta upindo wa koti taratibu ukamtoka bibi yake vidoleni, akashuka shimoni, akalifunua blanketi.

"Tazameni," akawaambia. "Huyu ni mzee Kadeghe, mnamjua. Tulimzika kabla ya utando. Udongo wetu hauli tena. Hauozeshi jani, hauozeshi samadi, haujamgusa hata huyu. Kitakachopandwa humu miaka inayokuja hakitapata chakula, na wanaokila nao hawatapata. Niliwadanganya nikiwa sijui. Sasa najua. Lugongo, msibebe."

Watu wakasogea. Wa mbele wakasukumwa na wa nyuma. Alingoja wapige kelele, wakimbie, wamtemee mate.

"Wacha wee," mama mmoja akasema polepole. "Kadeghe yuleyule."

"Hata ndevu!"

"Kama anayetaka kuamka."

"Utadhani atadai uji."

Mtu akacheka, halafu mwingine akaanza kulia, lakini kilio chenyewe hakikuwa cha hofu. Niendiwe akageuka huku na huku akitafuta uso mmoja ulioogopa. Akauona wa Elinaja peke yake. Wengine walikuwa wanamtazama mzee Kadeghe vile watu wanavyotazama mtoto mchanga.

Ndipo Mbonea akapita katikati ya watu. Ndiye mama mdogo wa Niendiwe, ndiye huyu aliyenisimulia. Kiangazi kilichopita joto lilimchukulia binti yake, Nakunda, hajamaliza hata darasa la kwanza. Alisimama ukingoni, akatazama muda mrefu.

"Huyu angepelekwa mpungi," akasema. "Angekaa kwenye chungu chake, mngekuwa mnamsalimu. Niendiwe, mtoto hapelekwi mpungi. Mtoto hana chungu. Mtoto tunamwachia udongo umle, halafu basi, tunaambiwa tusahau." Akavuta pumzi. "Kumbe upo udongo usiokula."

"Mama mdogo, si hivyo nilivyo…"

"Na wewe ulikuwa unaujua, hukuniambia?"

"Mtakufa njaa!"

"Mimi tangu azikwe sijashiba," Mbonea akasema. "Niamshie unga wa mwanangu, mama. Kabla udongo haujammaliza."

Nyuma yake wengine wakaanza. Mimi nina mume. Mimi nina pacha wawili. Mimi nina mama. Sauti zikapanda, na watu walikuwa tayari wanageuka kuelekea ghala, wanatembea haraka, kama wanaowahi ibada. Elinaja aliita, "Ndugu zangu! Ndugu zangu!" Baragumu alilokuwa amelitupa Niendiwe lilikanyagwa likapasuka, hakuna aliyetazama chini.

Niendiwe alikimbia akawatangulia. Dumu la maji ya kuamshia lilikuwa mlangoni pa ghala. Akalinyanyua, akayamwaga maji yote juu ya mwamba, yakatiririka, jua likayalamba. Akavua koti akalitupa.

"Naacha kazi," akamwambia Teopista. "Unga utalala humohumo."

Teopista alimtazama kwa huruma ya kweli. "Lipo lingine kwenye lori," akasema. Halafu akawageukia watu, bila kupandisha sauti. "Natafuta mtu wa Lugongo wa kuchukua kazi hii. Mafunzo bure, koti, viatu. Nani?"

Vijana waliokuwa wameranda na vyeti vyao mpaka vikachakaa waliinua mikono. Wazee wakainua. Lakini wa kwanza alikuwa Mbonea, na aliinua yote miwili.

*

Bibi Nambike hakurudi nyumbani. Kelele zilipokwenda zake alimtuma Elinaja amletee mkeka, akautandika kando ya shimo, akajilaza kwa ubavu akimtazama mumewe usoni. Niendiwe alipopita kumwomba radhi alikuta amekwisha sinzia, mkono umening'inia ndani. Elinaja alikuwa ameegemea jembe, amefumba macho.

Niendiwe akapanda mlima kuwafuata wa Lugongo. Hakujua anakwenda kufanya nini. Kwa mbali aliwasikia wanaimba ule wimbo wa kubeba mizigo, na upepo ukawa unauleta na kuuondoa.

Aliwakuta bondeni kwao wametawanyika, kila mmoja kwenye kaburi la mtu wake. Teopista alikuwa amewaelekeza harakaharaka ghalani, hakupanda nao, maana lori haliwezi kupita njia ile. Nao walikuwa wanaharibu. Niendiwe aliona mara moja. Walikuwa wanamimina maji kwa pupa, kama wanaomwagilia mchicha, na unga wa utando ukinywa maji mengi kwa mkupuo unakufa kabla haujaamka. Nyuzi hazitoki. Linabaki tope tu.

Akasimama. Hakuhitaji kumwaga dumu wala kupuliza baragumu. Alihitaji kunyamaza tu. Jioni ingefika, magunia yangeisha, Lugongo ingebaki na udongo wake mweusi wenye harufu, na mpaka Mradi ulete unga mwingine huenda mioyo ya watu ingekuwa imetulia.

Mbonea alikuwa amepiga magoti kwenye kaburi dogo lililozungushiwa mawe. Unga ulishanyunyizwa. Dumu lilikuwa mkononi, limeinama. Alimwona Niendiwe, akafuta uso kwa mkono wenye unga, ukambaki mweupe shavuni.

"Umekuja," akasema. "Nilijua hutaniacha. Hebu niangalizie. Ndiyo hivi?"

Niendiwe akatazama maji yanavyofika mdomoni mwa dumu.

"Niambie basi," Mbonea akasema. "Sitaki kumkosea tena."

Kulikuwa na neno moja la kusema, nalo ni "ndiyo." Alifungua kinywa, akalisikia liko tayari. Halafu akapiga magoti, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama yake mdogo, akalirudisha dumu nyuma.

"Taratibu," akasema. "Tone kwa tone. Kama unamnywesha."

Wakadondosha pamoja. Unga ukageuka rangi, ukatulia, kisha ukatoa uzi mmoja, mwembamba kuliko unywele, ukatafutatafuta hewani, ukainama, ukaingia ardhini. Mbonea akatoa sauti ndogo kooni. Mama wa kaburi la jirani alikuwa anatazama. Akapunguza mkono wake, akawa anadondosha vilevile. Na wa kando yake akamtazama huyo. Bonde zima, kaburi kwa kaburi, watu wakawa wanadondosha tone kwa tone, hakuna anayeimba tena.

Mbonea akalala kifudifudi juu ya mawe yale, shavu chini, mikono imekumbatia kaburi lote, maana lilikuwa dogo, likaenea. Alinambia huo ndio usingizi wa kwanza aliolala tangu kiangazi. Na wengine wakajilaza, mmoja hapa mmoja pale, katikati ya mchana, kama watu waliomaliza kuvuna.

Niendiwe alibaki ameketi peke yake. Chini ya kiganja chake alisikia ubaridi unapita, unatoka kaburini unakwenda kwenye migomba, kwenye mahindi, kwenye kisima, hauna haraka. Alivuta pumzi kutafuta harufu ya udongo. Ilikuwepo bado, kidogo. Akajilaza karibu na mama yake mdogo, pua chini, akawa anaivuta, anaivuta, mpaka asijue kama imekwisha au ni yeye aliyesinzia.